Amekuja mtu, au mtu ndiye amekuja?

Tulikuwa mkahawani Garissa tukingoja magharibi, mimi na mwenzangu wa Lamu. Akaingia kijana mwenyeji, akasema: "Mtu ndiye amekuja." Mwenzangu akamjibu, "Kwani ulidhani ni punda?" Tukacheka. Mimi nilijuta, kwani nilimuuliza kijana husemaje kwao, akaniambia: "Nin baa yimid."

Sisi watu wa pwani hatujui kuwa tuna kanuni hapa, maana tumezaliwa nayo. Ukisema "Ali amekuja", Ali alikuwa akitajwa tayari, nawe unaeleza amefanya nini. Lakini akiulizwa nani amekuja, mtu hujibu "Amekuja Ali", jina nyuma ya kitenzi. (Waromania nao husema "A venit Ion", yaani amekuja Ion.) Na husema "Mjini kumeingia wageni": kitenzi kinafuata mji, wageni wanabaki mwisho kwa sababu wao ndio habari. "Ndiye" tunaiweka akiba, mpaka pawe na ubishi: Ali ndiye aliyekuja, si Omari.

Kisomali kina njia nyingine. Kitenzi kwa kawaida hukaa mwisho, na neno lenye habari hutiwa alama, "baa" au "ayaa", mara tu baada yake. Yaa yimid? Nani amekuja? Cali baa yimid. (Hiyo C ni ain; ndivyo waandikavyo tangu 1972.) Kama Ali anajulikana na swali ni kama amefika, "baa" haipo: Cali wuu yimid.

Wala "baa" si pambo. "Wale wanaume wamekuja" ni "Nimankii way yimaaddeen", kitenzi cha wengi. Watie "baa" wanaume hao, inakuwa "Nimankii baa yimid", kitenzi kile kile cha Ali peke yake.

Basi kijana yule hakubishana na mtu. Alitafuta "baa" katika Kiswahili, akaiokota "ndiye", iliyo karibu nayo zaidi. Mtoto wa shule akiandika hivyo hupigwa mstari mwekundu, akaifuta "ndiye" pasi na kuambiwa atie nini mahali pake. Kesho atairudia, naye ataitwa mzito.

Nikamwambia kijana: habari yako ipeleke nyuma ya kitenzi. Akajaribu, "Amekuja mtu." Mwenzangu akanyamaza. Na huyo mtu muda wote huo yuko nje, anangoja.