Woga wa Kuandika Vibaya

Miswada mingi ya Kiswahili hufia sura ya tatu, kabla mhariri yeyote hajaiona. Anayewasomea waandishi chipukizi kazi zao ameyaona haya: ukurasa wa kwanza umesuguliwa ukang'aa, wa kumi umelegea, na baada ya hapo hakuna kitu. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia muda hana, kazini wanambana, umeme hukatika, mtoto alikuwa na homa. Mengi ya hayo ni kweli. Ila saa alizotumia kuipanga upya ile sentensi ya kwanza zingemtosha kuandika sura ya nne na ya tano. Naye analijua hilo, ndiyo maana halali vizuri.

Wengi huita hali hii uvivu. Sikubaliani nao. Mvivu hukaa akastarehe. Anayeahirisha kuandika hastarehe hata kidogo. Atafagia chumba, atapanga vitabu upya, atajibu ujumbe wa WhatsApp wa kamati ya harusi ya mtu asiyemfahamu vizuri, na muda wote huo kazi inayomngoja inamkaa rohoni. Timothy Pychyl, mwanasaikolojia aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada, anaeleza kwamba kuahirisha ni njia ya kukwepa hisia zinazouma, wala si suala la kushindwa kupanga ratiba. Kwa mwandishi, ninavyoona, hisia hiyo ni hofu kwamba kitakachotoka hakitafanana na kile alichokiona kichwani. Asipoandika, hakuna atakayemwona ameshindwa.

Hofu hiyo haiwaachi hata waliokwishapata jina. Mwaka 1938 John Steinbeck alikuwa anajulikana Marekani nzima kwa Of Mice and Men, kitabu kilichotoka mwaka mmoja kabla. Akaanza riwaya juu ya wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na ukame na madeni, wakahamia California kutafuta vibarua. Mapema mwaka huohuo alikuwa ameshauharibu mswada mwingine, kwa kuuona haufai. Safari hii aliweka daftari pembeni, na kabla ya kuanza kazi aliandika humo yaliyokuwa yakimsumbua: nyundo za mafundi waliokuwa wakijenga jirani, wageni wasiokwisha, uchovu, na zaidi ya yote shaka. Aliandika kwamba yeye si mwandishi, kwamba amekuwa akijidanganya na kuwadanganya watu. Kisha akageukia mswada. Kipimo chake kilikuwa maneno kama 2,000 kwa siku. Alianza mwishoni mwa Mei, akamaliza mwishoni mwa Oktoba. The Grapes of Wrath ilitoka Aprili 1939, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1962 mwandishi wake akapewa Nobeli. Shajara ya daftari lile ilichapishwa mwaka 1989. Ningependa kila anayeandika aisome, kwa sababu humo shaka haipungui kadiri kurasa zinavyoongezeka. Ipo mwanzoni, na riwaya inapokaribia kwisha bado ipo. Steinbeck hakungoja imtoke ndipo aandike. Aliitengea daftari lake, na mswada ukaenda.

Yaliyomkuta Ralph Ellison yananihuzunisha zaidi. Riwaya yake Invisible Man ya mwaka 1952 ilisifiwa mno, ikapata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka uliofuata. Aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo akiandika riwaya ya pili. Moto wa nyumbani kwake mwaka 1967 uliteketeza baadhi ya kurasa, lakini moto haukuwa tatizo kubwa. Ellison aliandika sana, akaacha maelfu ya kurasa, na matukio yaleyale aliyarekebisha tena na tena pasipo kuyaunganisha. Alifariki mwaka 1994, riwaya haijaisha. Kazi ya kuchagua cha kuchapisha ikabaki kwa wengine. Kwa hiyo kuahirisha hakuonekani daima kama kukaa bure. Kunaweza kuvaa sura ya bidii, na bidii ya namna hiyo ni ngumu kuitambua, hasa kwa mwenye kuifanya.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna woga mwingine wa ziada: woga wa kuambiwa lugha yetu haijanyooka. Wa bara huhofia kuchekwa na mtu wa pwani. Wa pwani huhofia kalamu nyekundu ya msanifishaji. Aliyekulia Nairobi, Lubumbashi au Muscat huhofia wote. Najua watu wenye hadithi nzuri wanaozisimulia usiku kucha, lakini ukiwapa karatasi wanakuwa wagumu kama wanaandika barua ya kuomba kazi. Lakini mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Hata hivyo alitoa riwaya ya Kiswahili, Rosa Mistika, mwaka 1971. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, na watetezi wa kanuni za jadi wakamshambulia kwamba hayo si mashairi. Angengoja wakubaliane naye asingeandika riwaya zake Nagona wala Mzingile.

Na kuhusu muda, mwandishi Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30, akianzia forodhani mwaka 1926. Kusadikika na Adili na Nduguze ni vitabu vya mtu aliyekuwa na ofisi ya kwenda asubuhi. Sisemi kazi hailemei. Nasema wengi tunaowasoma walilemewa vilevile.

Kinachosaidia ni mambo ya kawaida kabisa. Saa ileile kila siku, hata iwe nusu saa. Kiasi kidogo kinachojulikana, ukikifikia uinuke. Rasimu ya kwanza isisomwe hadi ifike mwisho, kwa maana kuandika na kuhukumu ni kazi mbili na zikifanywa pamoja ya pili huiua ya kwanza. Zaidi ya yote, awepo mtu anayeisubiri kazi: mhariri, rafiki, au tuzo yenye tarehe ya kufunga. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu zinatambua washindi, lakini nadhani faida yake kubwa ni kwa mamia wasioshinda, ambao kwa ajili ya tarehe ile walimaliza.

Nawaomba pia walimu na wahariri: kijana akikuletea rasimu, isome mpaka mwisho kabla ya kumsahihisha ngeli. Na wewe mwenye mswada uliosimama sura ya tatu, usirudi ukurasa wa kwanza. Andika ya nne leo, kwa Kiswahili ulicho nacho, na uiache ilivyo, hata ikiwa mbaya, hadi kitabu kiishe.