Kurudi Kundini na Ondoleo la Dhambi

Katika sharika zetu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, Mkristo aliyetengwa hurudi kundini mbele ya usharika. Lakini wachungaji twajua kwamba wako wanaopokelewa, kisha wakaendelea kukaa benchi la nyuma na kuikwepa Meza ya Bwana. Wamerudi, ila hawajaamini kwamba wamesamehewa. Kwa nini?

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 12, lafundisha kwamba toba ina sehemu mbili: majuto, yaani hofu ya dhamiri iliyoitambua dhambi, na imani, izaliwayo na Injili, isadikiyo kwamba dhambi husamehewa kwa ajili ya Kristo. Aibu ya kusimama mbele ya watu haimo katika hizo mbili. Tukiifanya kuwa malipo, tunamwacha mwenye kutubu katika majuto matupu.

Kifungu cha 11 chataka ondoleo la faragha lidumishwe kanisani. Basi, ndugu mchungaji, kabla ya Jumapili hiyo mwite mtu huyo, msikilize, umtamkie msamaha yeye binafsi. Nidhamu humrudisha kundini. Neno la msamaha ndilo limwekalo huru (1 Yohana 1:9).