Mafunzo ya malezi: anayebadilika kwanza ni mzazi

"Samaki mkunje angali mbichi, dada. Wangu ameshakauka." Wazazi wengi huniambia hivyo wanapokuja kwenye vikao vya malezi ninavyoviendesha hapa Mwanza. Kijana ana miaka 15, ameanza bangi, shule haitaki, akiulizwa anafoka. Je, mafunzo ya mzazi yatamsaidia mtoto wa namna hiyo?

Huwajibu kwa utafiti uliofanyika Eastern Cape, Afrika Kusini. Lucie Cluver wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walifuatilia familia 552 zenye vijana wa miaka 10 hadi 18, katika vijiji na mitaa 40. Baadhi ya maeneo yalipata vikao 14, wazazi na vijana wakifundishwa na wenyeji wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Miezi michache baada ya mafunzo, wazazi walisema wamepunguza kupiga na kutukana, wanajua zaidi watoto wao wako wapi, na wao wenyewe wamepunguza vilevi. Vijana nao walieleza kwamba wanatumia vilevi kidogo kuliko wenzao ambao familia zao hazikufundishwa. Hata hivyo, katika ukorofi kwa jumla, majibu ya vijana hayakuonyesha tofauti. Hilo nalo huwaambia wazazi bila kuficha, maana anayeahidiwa muujiza huacha kuja kikao cha tatu.

Kwa nini tuanze na mzazi? Mtafiti wa Marekani, Gerald Patterson, alionyesha jinsi ugomvi wa nyumbani unavyojilisha wenyewe. Mama anaamrisha, kijana anagoma. Mama anapaza sauti, kijana anapaza zaidi, hadi mama anachoka na kuachia. Kijana ameshajifunza kwamba ukifoka vya kutosha unashinda. Siku nyingine mama anashika fimbo, kijana anatulia, na mama naye anajifunza kwamba bila fimbo hasikilizwi.

Kwenye vikao tunaukata mzunguko huo kwa mazoezi. Tunaigiza kijana aliyerudi saa nne usiku: mzazi anavuta pumzi kwanza, anauliza, anasikiliza, kisha anakumbusha kanuni waliyokubaliana na adhabu yake, kama kunyimwa simu kesho yake. Zoezi gumu kuliko yote ni kusifu. Mama mmoja anayeuza dagaa Kirumba alikaa kimya muda mrefu akitafuta jambo la kumsifia mwanawe. Alipokwenda kumwambia, "Asante kwa kuanua dagaa kabla ya mvua," kijana alimuuliza kama anaumwa. Wiki iliyofuata alitueleza kwamba sasa anaagwa kabla kijana hajatoka.

Pengo letu kubwa ni kina baba. Tukiweka kikao asubuhi ya siku ya kazi, tunajaza kina mama watupu, na kanuni zinazokubaliwa kikaoni zinavunjwa jioni na mtu ambaye hakuzisikia. Nawaomba wenyeviti wa mitaa watupe ofisi zao Jumapili alasiri, na wao wenyewe wakae viti vya mbele, kwani wengi wao ni baba. Wazazi wa watoto wa miaka 10 waje pia, kabla bangi haijaingia nyumbani. Na mwenye kijana wa miaka 17 asijihesabu amechelewa: familia za Eastern Cape zilikuwa na vijana wa umri huo huo.