Askofu Aliyepandishwa Farasi

Mwaka 669, Chad, mtawa kutoka kaskazini mwa Uingereza, alikabidhiwa jimbo la Wamercia. Alikuwa na desturi ya kuhubiri kwa miguu, kama mitume. Askofu mkuu wake, Theodore wa Canterbury, alimtaka atumie farasi katika safari ndefu. Chad akasitasita. Theodore, mzee wa zaidi ya miaka 65, akamnyanyua kwa mikono yake mwenyewe akamketisha juu ya mnyama.

Kisa hiki tunacho kwa kalamu ya mtawa Bede, aliyekamilisha historia yake mwaka 731. Wahubiri hukipenda kwa sababu ya unyenyekevu wa Chad. Lakini Theodore alikuwa akipiga hesabu za utawala. Jimbo lilianzia mipakani mwa Wales likafika Lindsey, kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini, na mtandao wa parokia ulikuwa haujajengwa. Padre aliweza kubatiza. Kutoa kipaimara na kuweka mapadre wakfu kulimngoja askofu. Asipofika yeye, Wakristo wapya walibaki nusu njia.

Chad aliweka kiti chake Lichfield. Karibu na kanisa alijenga nyumba, akakaa humo na ndugu saba au wanane, wakisali na kusoma kila kazi ilipowapa nafasi. Upepo mkali ulipovuma aliacha kusoma akamwomba Mungu awahurumie watu. Mmoja wa wenzake, Owine, aliwahi kuwa mkuu wa nyumba ya malkia. Siku aliyojiunga na utawa alibisha hodi amevaa nguo za kawaida, mkononi shoka na tezo: hakujaliwa vitabu, alikuja kufanya kazi. Wenzake wakisoma ndani, yeye alikuwa nje akichapa kazi.

Riziki ilitoka kwa mfalme wa Wamercia. Wulfhere ndiye aliyeomba askofu, na ndiye aliyetoa ardhi ya kutosha familia 50 huko Lindsey ili ijengwe monasteri. Bila ardhi ya namna hiyo, askofu mgeni hakuwa na chakula wala mahali pa kufundishia vijana.

Tauni ilimuua Chad tarehe 2 Machi 672, baada ya miaka miwili na nusu tu kazini. Theodore aliendelea kuyagawa majimbo makubwa: Lindsey ikapata askofu wake mwaka 678, na Worcester ikafuata takriban mwaka 680. Hata hivyo, mwaka 734 Bede alimwandikia askofu Egbert wa York akilalamika kwamba viko vijiji vya milimani na vichakani ambavyo havijamwona askofu miaka mingi, ilhali hakuna kinachosamehewa kumlipa askofu mchango. Farasi alimsaidia Chad kufika mbali zaidi. Tatizo lenyewe lilihitaji maaskofu wengi zaidi.