Birika la Kioo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufuga Samaki wa Pambo Nyumbani

KATIKA nyumba kongwe za mawe za Lamu, msalani mlijengwa birika la maji ya kuogea na kutawadhia. Atakayechungulia ndani ya baadhi ya mabirika hayo ataona jambo la kupendeza: sakafuni mwake limepachikwa bakuli la kauri, la namna zile zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo. Bakuli lile halikuwa pambo tu. Wazee walitia samaki wadogo birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Na birika lilipokaushwa lipate kusafishwa, maji kidogo yalisalia bakulini, samaki wakajihifadhi humo mpaka birika lijazwe tena.

Kwa hivyo anayedhani kwamba kuweka samaki nyumbani ni mambo ya kuiga Wazungu, huyo hawajui wazee wetu. Huko Uingereza nyumba ya kwanza ya kuonyeshea watu samaki ndani ya vioo ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1853. Huku kwetu samaki walikuwa wamekwisha kaa ndani ya nyumba, tena wakiwa na kazi yao maalumu.

Siku hizi birika limekuwa la kioo, nalo limetoka msalani likaingia sebuleni. Watoto hulipenda, na mgeni akikaribishwa macho yake huenda hapo kwanza. Lakini, ndugu msomaji, ukweli ni kwamba matangi mengi ya wanaoanza hugeuka makaburi kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Samaki hununuliwa Jumamosi kwa furaha, ikifika Jumatano mmoja anaelea tumbo juu, na Ijumaa hakuna aliyebaki. Mwenye tangi humlaumu muuzaji, muuzaji naye humlaumu mwenye tangi. Mara nyingi aliyewaua ni haraka, na silaha yake ilikuwa maji.

AMANA

Wengi wetu tulisikia tangu tukiwa chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie mwenyewe. Tulisikia pia habari ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyozungumza naye kwa upole kindege kile kilipokufa. Wanazuoni wamechukua kwamba kufuga kiumbe kwa ajili ya kujifurahisha kunafaa, maadamu kiumbe hicho kinapewa haki yake.

Haki ya samaki si chakula peke yake. Paka akikosa chakula atalia, kuku atatoka aende jaani. Samaki hana sauti wala hana pa kwenda. Maji aliyotiwa ndiyo hewa yake, ndiyo chumba chake, na ndiyo choo chake. Yakiharibika, yeye hana hila.

TANGI NA MAHALI PAKE

Wengi huanza na bakuli la kioo la duara kwa kuwa ni rahisi na halichukui nafasi. Bakuli hilo ndilo baya kuliko yote. Maji yake ni machache, kwa hiyo huchafuka kwa siku mbili tatu, na mdomo wake mwembamba hauruhusu hewa ya kutosha kuingia majini. Watu wengi hudhani kwamba tangi dogo ni jepesi kutunza. Mambo ni kinyume. Maji yakiwa mengi huchelewa kuharibika, na mwenye kuanza hupata muda wa kuliona kosa na kulirekebisha.

Tangi la kufaa ni lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Hilo huchukua lita 54. Fundi wa vioo anaweza kulitengeneza kwa gundi ya silikoni. Likiisha, lijazwe maji na liachwe uani siku mbili kuhakikisha halivuji.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kioo na changarawe, uzito wa tangi hili utapita kilo 60, kwa hiyo stuli ya kawaida haitoshi. Tafuta meza imara, uipime kwa pimamaji la waashi isije ikalalia upande mmoja na kioo kikapasuka. Usiliweke dirishani penye jua, maji yatageuka kijani na joto litazidi.

Chini ya tangi tia changarawe ya mtoni iliyooshwa mpaka maji yake yawe meupe. Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya kombe na matumbawe vinavyotoa chokaa majini. Ukitaka kulijua jiwe, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa.

VYOMBO VICHACHE VYATOSHA

Muuzaji atakuonyesha vitu vingi, lakini vya lazima ni vichache. Cha kwanza ni kichungi. Kilicho rahisi na chema kwa anayeanza ni kile cha sponji kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa. Hakinyonyi vifaranga wa samaki, na huyatia maji hewa. Pampu yenyewe iwekwe juu zaidi ya usawa wa maji, kwani stima ikikatika na pampu iko chini, maji huweza kurudi kwa mpira mpaka yakaifikia. Waya wa umeme nao uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka lianguke sakafuni badala ya kuingia penye umeme.

Cha pili ni kipimajoto. Cha tatu ni kifuniko, kwa kuwa samaki huruka. Cha nne ni ndoo moja na mpira wa kunyonyea maji. Vitu hivyo viwili visiguswe na sabuni kamwe, wala visitumiwe kwa kazi nyingine.

Chombo cha kupasha maji moto, ambacho vitabu vya Ulaya hukitaja mwanzo, mtu wa Mombasa au Malindi hakihitaji. Samaki wengi wa nchi za joto hupenda maji ya digri 24 hadi 28, na hayo ndiyo maji ya ndani ya nyumba zetu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Anayekihitaji ni ndugu yetu aliye Nairobi au Limuru. Sisi taabu yetu iko upande wa pili. Katika miezi ya kaskazi, Februari na Machi, joto huzidi, na maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Hapo funika tangi kwa wavu badala ya kifuniko, elekeza feni juu ya maji, na pampu isizimwe.

MAJI KWANZA, SAMAKI BAADAYE

Hapa ndipo penye siri yote. Samaki akipumua na akienda haja hutoa sumu iitwayo amonia. Haionekani kwa macho. Maji yatakuwa yanameremeta kama kioo, kumbe yameshakuwa sumu. Katika tangi lililokomaa, bakteria walioshika makao kwenye sponji na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, lakini bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, nayo hupunguzwa kwa mimea na kwa kubadilisha maji.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka. Aliyejaza maji asubuhi na kutia samaki kumi jioni amewatia katika nyumba isiyo na choo.

Basi fanya hivi. Jaza tangi, washa pampu, na kila baada ya siku mbili tia chembe chache za chakula cha samaki, ingawa samaki hawamo. Chembe hizo zikioza zitawalisha bakteria. Ukimjua mtu mwenye tangi la zamani lisilo na maradhi, mwombe kipande cha sponji yake uliyoloa, ukitie katika kichungi chako, na kungoja kutapungua. Maduka ya samaki huuza vifaa vya kupimia maji. Amonia na nitriti zikisoma sifuri baada ya kuwa zilipanda, maji yamekomaa.

Maji ya mfereji yana klorini ya kuulia vijidudu, na klorini hiyo huwadhuru samaki na hao bakteria wema. Yaache ndani ya ndoo wazi mchana na usiku mzima, au tumia dawa ya matone inayouzwa kwa kazi hiyo.

Maji ya kisima ni habari nyingine. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu upesi, na ndani ya birika la chai hubaki magamba meupe. Vilivyo karibu na bahari huwa na chumvichumvi pia. Usipigane na maji yako. Chagua samaki anayeyapenda.

SAMAKI GANI?

Kwa maji magumu ya pwani, wa kwanza ni gapi. Asili yake ni Trinidad, Venezuela na nchi za jirani. Jina lake linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad, wakapewa jina lake mwaka 1866. Baadaye walipelekwa nchi nyingi za joto ili wale viluwiluwi vya mbu, kazi ile ile ya samaki wa birika la Lamu. Dume ni mdogo, kama sentimita tatu, na mkia wake una rangi za kila namna. Jike ni mkubwa zaidi na hana urembo mwingi.

Lakini tahadhari. Gapi hatagi mayai, huzaa watoto walio hai kila baada ya wiki nne hivi. Jike huweza kuhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa miezi, hata ukimnunua peke yake atakuzalia. Anayeanza achukue madume matupu, watatu kwanza, na baada ya wiki mbili aongeze mpaka wafike wanane.

Wa pili ni moli, mwenyeji wa Mexico na Amerika ya Kati. Huyu huvumilia hata maji yenye chumvi, kwa hiyo mwenye kisima cha chumvichumvi asimpite. Wa tatu ni samaki mpiganaji kutoka Thailand, ambayo zamani iliitwa Siam. Ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya maji, ndiyo maana hustahimili stima inapokatika. Ila dume ni mmoja tu kwa tangi. Ukitia wawili watapigana mpaka mmoja afe, na mikia mirefu ya gapi pia humchokoza. Mpe tangi lake mwenyewe.

Sasa wa kuwaepuka. Samaki wa dhahabu, ambaye kila mtoto humtaka, ni samaki wa maji ya baridi kutoka Uchina. Hukua kupita sentimita 20, huchafua maji mno, na joto la pwani humtesa. Neoni, yule mwenye mstari wa buluu unaong'aa, ametoka kwenye maji laini ya Amazon, na maji ya kisima chetu hayamfai. Kambare mfyonza kioo huuzwa akiwa kama kidole kwa ahadi kwamba atasafisha tangi. Aina inayouzwa sana hupita sentimita 30.

Wala usishawishike kuchukua kipepeo au samaki mwingine wa miambani ukamtia katika ndoo ya maji ya bahari. Tangi la maji ya chumvi lataka ujuzi na gharama ambazo anayeanza hana. Fauka ya hayo, katika hifadhi za bahari kama za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, kuvua ni marufuku.

UTUNZAJI WA KILA SIKU

Siku ya kuwaleta, acha mfuko wao uelee ndani ya tangi robo saa. Kisha ongeza maji ya tangi humo kidogo kidogo kwa nusu saa nyingine. Watoe kwa wavu, na maji ya mfukoni yamwage nje.

Walishe mara moja au mbili kwa siku, kiasi watakachomaliza kwa dakika mbili. Tumbo la samaki mdogo halizidi jicho lake. Samaki hafungi saumu, lakini akikosa chakula siku moja hadhuriki, na akilishwa mara kumi na watoto wa nyumba nzima atakufa. Chagua mtoto mmoja awe mlishaji.

Kila wiki ondoa robo ya maji, utie mapya yaliyolala ndooni. Sponji ikamuliwe ndani ya yale maji yaliyotolewa, wala isioshwe mferejini, maana klorini itaua bakteria uliowangojea mwezi mzima. Usilikaushe tangi lote kwa kisingizio cha usafi. Wazee waliojenga birika walilijua hilo: hata siku ya kusafisha, bakuli lilibakiza maji.

Na ukichoka na samaki wako, usiwamwage mtoni wala katika kidimbwi. Katika baadhi ya vidimbwi vya mvua vya pwani yetu wanaishi samaki wadogo wa rangi nyekundu na buluu, ambao mayai yao hukaa ndani ya tope lililokauka mpaka mvua irudi. Mgeni mlafi akiingia humo, atawamaliza wenyeji. Mpe mwenzako mwenye tangi lililokomaa, au mrudishie muuzaji.

Haraka haraka haina baraka, na katika ufugaji huu methali hiyo ina hesabu yake: ni wiki sita. Atakayezingoja kwa subira huenda akawa na gapi wale wale mwaka ujao.