Picha ya Rangi Haibebi Roshani

Biashara ya ramani za nyumba imehamia kwenye simu. Mteja hupitisha kidole kutoka picha moja hadi nyingine mpaka anapopendezwa: nyumba ya ghorofa moja, paa la vigae vyekundu, roshani yenye vioo inayotazama bustani, gari limeegeshwa mlangoni, anga la buluu lisilo na hata wingu. Analipa, anatumiwa faili, anamkabidhi fundi, na kuanzia hapo kazi yake ni kuhesabu mifuko ya saruji. Sina ugomvi na picha hizo. Zinamsaidia mtu kujua anachokitaka, na hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba mara nyingi picha hiyo ndiyo ukurasa pekee anaousoma mwenye nyumba, ilhali nyumba haijengwi kwa picha. Inajengwa kwa kurasa zinazofuata, zile za mistari mieusi, mishale na tarakimu, ambazo wengi huziona ni mambo ya wataalamu. Nashikilia kwamba kurasa hizo ni mkataba, na kwamba msamiati wake wa mwanzo, yaani aina za mistari, mionekano, mikato, vipimo na skeli, ni elimu anayoihitaji kila anayelipia ujenzi, si mhandisi peke yake.

Tuanze na mstari. Mchoraji wa sura au mandhari huunenepesha mstari anapotaka kukoleza jambo. Mhandisi hana uhuru huo. Katika mchoro wa mashine, mstari mnene usiokatika ni ukingo unaoonekana kwa macho. Mstari wa vistari vilivyokatikakatika ni ukingo uliopo lakini umefichwa nyuma ya kitu kingine. Mstari mwembamba unaopishanisha kistari kirefu na nukta ni mhimili wa kitu cha mviringo, na fundi wa karakana huanzia hapo kupima. Mistari myembamba ya mshazari, kwa kawaida ya nyuzi 45, inasema kwamba hapa kitu kimekatwa ili tuone ndani. Hata unene una sheria: kanuni za kimataifa za ISO 128 zinataka mstari mnene uwe mara mbili ya ule mwembamba, ili jicho lisikosee. Ramani ya nyumba ina ukorofi wake kidogo. Ramani ya sakafu yenyewe ni mkato, nyumba ikichukuliwa kuwa imekatwa kwa msumeno usawa wa mita moja na ushee kutoka chini, kisha sehemu ya juu ikaondolewa. Kwa hiyo mstari wa vistari humo mara nyingi unaonyesha kilicho juu ya kichwa: bimu, au ukingo wa paa. Asiyejua hilo hatagundua kwamba bimu inakatiza sebule yake mpaka siku mbao za zege zitakapofunguliwa.

Thamani ya msamiati huu waliijua mapema wale waliokuwa na la kulinda. Katika karne ya 18 Mfaransa Gaspard Monge, akiwa bado kijana katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, alipewa swali la kupanga kuta za ngome zisifikiwe na mizinga ya adui. Wenzake walilitatua kwa hesabu ndefu za kuchosha. Yeye alilitatua kwa kuchora: kitu kimoja kikaonyeshwa kikitazamwa kutoka juu na kutoka mbele, mionekano miwili ikafungamana kwa mistari, na kila urefu uliokosekana ukapatikana kwa kupima. Jeshi likaifanya mbinu hiyo kuwa siri. Ni mwaka 1795, baada ya Mapinduzi, ndipo Monge alipoifundisha hadharani jijini Paris. Dola moja kubwa ya Ulaya ilificha namna ya kupanga mionekano miwili kwenye karatasi. Sisi tunatumiwa mionekano minne pamoja na mikato, tena tumeilipia, na hatuifungui.

Mkato ndio unaostahili kufunguliwa kwanza, na roshani ile ya kwenye picha inatosha kuonyesha sababu. Zege hustahimili kugandamizwa lakini ni dhaifu linapovutwa, ndiyo maana huwekewa nondo upande unaovutika. Slabu iliyoegemea kuta pande zote mbili hupinda katikati kuelekea chini. Inavutika upande wa chini, na nondo kuu hukaa chini. Roshani imeshikwa upande mmoja tu, upande wa pili unaning'inia, kwa hiyo inavutika juu. Nondo zake kuu lazima zikae juu na ziingie vya kutosha ndani ya slabu ya nyumba. Fundi akizilaza chini kwa mazoea, au vibarua wakizikanyaga zikazama wakati wa kumwaga zege, gharama haibadiliki hata shilingi moja: chuma ni kile kile, saruji ni ile ile, lipu itafunika kila kitu na picha itafanana na nyumba. Kitakachokosekana ni kile kilichopaswa kuizuia roshani isianguke. Picha ya rangi haiwezi kukuonyesha hilo. Ramani ya sakafu nayo peke yake haitoshi, kwa kuwa kutoka juu nondo ya juu na ya chini zinafuata mstari mmoja. Mkato pekee ndio unaozitenganisha wazi, na pembeni yake kuna maandishi kama Y12-200, ambayo hayana uchawi wowote: nondo za chuma kigumu, kipenyo milimita 12, zikiachana milimita 200 kutoka kitovu hadi kitovu. Mtu anayeweza kusoma risiti ya duka la vifaa anaweza kusoma hayo.

Huenda mtu akasema kwamba kazi hiyo ina wenyewe. Mhandisi anachora, bodi inamsajili, halmashauri inatoa kibali. Mwenye nyumba aingilie nini? Pingamizi hili ni zito, na jibu lake zito kuliko yote liko Kansas City, Marekani. Hoteli ya Hyatt Regency ya huko ilikuwa na vijia vilivyoning'inia ndani ya ukumbi wake, kile cha ghorofa ya pili kikiwa chini ya kile cha ghorofa ya nne. Mchoro wa awali ulionyesha fimbo ndefu za chuma kutoka darini, kila moja ikipita kwenye kijia cha juu hadi cha chini, na kila kijia kikikalia nati yake. Fimbo kama hizo zingehitaji kuchongwa nyuzi sehemu kubwa ya urefu wake, kazi ya kuudhi karakanani, hivyo michoro ya karakana ikaigawa kila fimbo vipande viwili: kimoja kutoka darini hadi kijia cha juu, kingine kutoka kijia cha juu hadi cha chini. Kwenye karatasi mabadiliko hayo ni mstari mmoja kuhama kidogo tu. Katika uhalisia, nati ya kijia cha juu iliyopaswa kubeba kijia kimoja sasa ilibeba viwili. Michoro hiyo ikagongwa muhuri wa mhandisi. Tarehe 17 Julai 1981, watu wakiwa dansini, vijia vikaanguka na kuua watu 114. Uchunguzi ulibaini kwamba hata muundo wa awali haukufikia uwezo uliotakiwa na sheria za ujenzi za mji huo. Uliobadilishwa ulikuwa na takriban theluthi moja tu. Wahandisi wahusika walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri.

Sisemi kwamba mgeni wa hoteli angegundua kosa lile. Ninachosema ni kwamba muhuri haukumzuia yeyote kukosea, na kilichohitajika ni mtu wa kuuliza: mstari huu umehama kwa nini, na nani amepiga hesabu upya? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu anayejua kwamba mstari unaweza kuhama, na mwenye nyumba ndiye mtu pekee aliye na sababu ya kuliuliza kila siku ya ujenzi. Kumlipa daktari hakumzuii mgonjwa kusoma kipimo cha dawa kwenye chupa.

Kwenye skeli ndiko simu yenyewe inakoleta madhara, na hapa hesabu ni fupi. Ramani imechorwa kwa skeli ya 1:100 kwenye karatasi ya A3, ambapo milimita 10 ni mita moja. Mteja anatumiwa faili, anakwenda steshenari, inachapishwa kwenye A4 ili itoshe. Kila urefu umepungua hadi karibu asilimia 71, lakini maandishi ya pembeni bado yanasema 1:100. Ukuta wa mita 4 uliokuwa milimita 40 sasa ni milimita 28, na fundi akiweka rula atajenga mita 2.8. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kusoma mchoro ni kufuata kipimo kilichoandikwa, kamwe si kilichopimwa kwa rula. Kipimo kisipoandikwa, aliyechora aulizwe.

Wapo watakaotaja mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar, waliounda vyombo vya kuvuka bahari bila karatasi yoyote. Ni kweli, na ustadi wao hauhitaji kutetewa. Lakini pale aliyebuni na anayekata ubao ni mtu mmoja, amesimama kando ya mkuku. Mataruma huchaguliwa kwa mpindo wa mti wenyewe na kila ubao hupimwa kwa jirani yake. Nyumba ya simu ni kinyume kabisa: aliyebuni yuko mji mwingine, na anayekunja nondo hatamwona maishani. Mchoro unahitajika pale hasa watu hao wawili wanapotengana.

Na kompyuta? Ivan Sutherland alionyesha uchoraji wa kompyuta mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad, na leo programu zinachora mkato kwa kubofya tu. Hata hivyo mwaka 2006 ndege ya Airbus A380 ilichelewa vibaya, sababu mojawapo kubwa ikiwa kwamba wasanifu wa Hamburg na wa Toulouse walitumia matoleo tofauti ya programu moja ya usanifu, na nyaya zilizoandaliwa zikakataa kuenea ndani ya ndege. Programu huchora haraka kile ilichoambiwa, likiwemo kosa. Katika kulinasa kosa hilo saiti, mchoro wa mkono bado ni chombo kizuri: fundi akipasua mfuko wa saruji na kuchora kwa penseli jinsi alivyoelewa nondo zikae, kutokuelewana kunaonekana kabla zege halijamwagwa. Mchoro huo uwe na vipimo na tarehe, upigwe picha, atumiwe mhandisi.

Basi wewe uliye na ramani kwenye simu, fungua kurasa za nyuma leo. Usipokuta mkato unaopita kwenye roshani na kwenye ngazi, pamoja na mchoro wa nondo wenye jina la mhandisi aliyesajiliwa, hujauziwa ramani ya ujenzi. Dai kurasa hizo kabla ya kununua tofali la kwanza.