Kelele za Kompyuta Ndogo katika Kurekodi Usemi wa Delta ya Rufiji

Makala haya yanaeleza athari za kelele za kompyuta ya bodi moja katika kurekodi Kindengereko na Kiswahili huko Kibiti na delta ya Rufiji. Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, haina tundu la maikrofoni. Kadi ya sauti inayochomekwa hutegemea umeme wa bodi, ambao huyumba prosesa inapofanya kazi. Kuyumba huko husikika kama mvumo au mlio wa "sss". Kiakustika, vikwamizi /s/, /f/ na /ʃ/ navyo ni kelele za frikwensi za juu. Kwa hiyo, kuuchuja mlio huo baadaye hufuta pia sehemu ya konsonanti. Hapana budi kadi ipewe betri yake kabla ya kurekodi, kwani usemi wa mzee aliyekwisha kufariki haurekodiwi upya.